Frigo Iliyofunikwa Kitenge

Ijumaa iliyopita Furaha alikuja kuchukua frigo yake. Alishuka kwenye kamioneti ya kukodi mbele ya parsele yetu, kiwanja cha nyumba zetu hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, amenenepa, amejifunga kitenge kipya cha kijani, ana jino la dhahabu ambalo zamani hakuwa nalo. Hata maji hajapewa, akasema: "Yaya, nimekuya juu ya ile kintu yangu. Iko?" Nikamjibu: "Iko. Ulifikiri nimeila?" Basi tukashikana pale pale mlangoni, tukacheka, tukalia kidogo, tukacheka tena, na Mama Kadogo, jirani yangu muuza makaa, akaacha gunia lake wazi akaja kusimama karibu ili asipitwe na neno. Vita vyote vilikuwa vimepita katikati yetu, mimi na Furaha: barabara ya kwenda kwao Uvira, Kongo, kufungwa, kufunguliwa, kufungwa tena, salamu za kupitia kwa wasafiri ambao nusu walizisahau njiani. Na frigo ilikuwa nyuma yangu, ukutani, inanguruma kama paka mzee.

Wiki hiyo hiyo Shamimu, binti yangu, alikuwa amerudi kutoka shuleni na kikombe cha plastiki cha rangi ya waridi. Walifanya mashindano ya kusoma kwa sauti. Watatu wa kwanza wakapewa vitabu, yeye akatoka wa nne, akapewa kikombe, na mwalimu akamwambia kwamba kinaitwa prix de consolation. "Mama, consolation ni nini?" Nilimaliza sekondari, Kifaransa nakijua, ningeweza kumpa maelezo marefu. Nikamwambia kwa kifupi: ni kufuta machozi. Akakigeuzageuza kile kikombe, akaniangalia. "Lakini mi sikulia." Nikaacha nyanya nilizokuwa nakata. Mtoto hajui alichonigusia. Neno hilo tunalitumia kila siku hapa kwetu bila kulitazama usoni: timu ya mtaa ikifungwa fainali, inapewa mbuzi wa kifuta machozi, msichana akiachwa na mchumba, anapelekewa doti ya kitenge, kifuta machozi, mwanamke akiletewa mke mwenza, anapewa kitu, kifuta machozi. Hakuna anayeuliza kama machozi yenyewe yapo. Na ukitazama vizuri, mara nyingi anayekuletea kitambaa ndiye aliyekuliza, au ametumwa naye.

Mimi niliwahi kupewa cha kwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Ulikuwa mwaka wa embargo: nchi jirani zimetufungia mipaka, watu wanapita lakini bidhaa zinarudishwa, mazuti, yaani dizeli, yanauzwa kwa chupa kama manukato, sukari ukiipata unaificha hata kwa ndugu. Tulikaa chumba kimoja, mimi, mume wangu Rajabu na Shamimu ambaye alikuwa bado anatambaa. Kitanda kilikuwa upande wa kulia, masufuria chini ya kitanda, kabati la nguo lenye mlango mmoja, mkeka, na priza moja ya umeme karibu na dirisha, ambayo tuliitumia kwa redio tu. Mvua ikinyesha bati linapiga kelele mpaka tunaongea kwa mikono. Nilikipenda chumba kile. Nilikuwa nimekipaka chokaa mwenyewe, mimba ikiwa ya miezi saba, nimesimama juu ya ndoo, Rajabu amenishika miguu akisoma dua nisianguke. Alikuwa dereva wa lori. Alipakia mizigo kwenye depo za Zone Industrielle, eneo la viwanda, akaivusha mpaka Uvira, wakati mwingine mpaka Bukavu, na akirudi alikuwa analeta mafuta ya mawese, ndagala zilizokaushwa vizuri, na hadithi. Siwezi kusema alikuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu wa kutaka kila mutu amfurahie, na huyo ndiye hatari zaidi.

Kwamba ameoa Uvira nilisikia kupitia ukutani. Nilikuwa nachambua mchele, mtoto amelala, na upande wa pili Mama Kadogo anapimia mteja makaa. "Na mwenyewe hajui?" aliuliza mteja. "Atajulia wapi, mutu wa kusoma?" alijibu Mama Kadogo. "Wenye kusoma wanajua habari za Paris. Za kitanda chao hawajui. Mukeba wake sasa ana tumbo." Mukeba ni mke mwenza, kwa Kirundi, neno lenyewe lina makucha. Niliendelea kuchambua mchele. Nakumbuka nilitoa jiwe moja, nikaliweka kando, nikatoa lingine, nikaliweka kando, na nilipomaliza nikagundua kwamba nimeyarudisha yote ndani ya sinia.

Haikupita wiki, kifuta machozi kikaja. Kwetu kina utaratibu wake. Hakiletwi na mume, kinaletwa na wanawake wa upande wake, saa za alasiri, ili majirani waone. Kinafunikwa kitenge kipya na kufungwa fundo. Mke anatakiwa kufungua fundo kwa mkono wake mwenyewe mbele ya hao wanawake, kisha awapikie, wale. Akishafungua, amekubali. Hana tena ruhusa ya kununa, wala kumsema mwenzake, wala kuuliza iliamuliwa lini. Basi Shangazi Mwajuma, dada wa baba yake Rajabu, akaja na wanawake wawili na vigelegele, na nyuma yao mkokoteni unasukumwa na wanaume wenye jasho, maana mafuta ya gari hakuna. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kitu kirefu kama mutu amesimama, kimefunikwa kitenge cha maua ya njano. Buyenzi nzima ilikuwa nje. Wakakiingiza chumbani, wakakisimamisha karibu na dirisha, na chumba kikaisha. Kati ya kitanda na kile kitu ilibaki njia ya kupita mutu mmoja kwa ubavu.

"Mwanangu," Shangazi alisema, ameketi kitandani kwa sababu hakukuwa tena na mahali pengine, "mume wako hajakutupa. Amekukumbuka. Wangapi hapa waliletewa wenzao wasipewe hata sabuni? Hii ni frigo, mpya, ya Wazungu. Funua."

"Sifunui."

"Funua kwanza uone, halafu ndiyo ukasirike."

"Shangazi, mi sijalia. Machozi gani mumekuja kufuta?"

"Utalia tu."

"Basi muirudishe, mulete siku hiyo."

Mmoja wa wale wanawake akaguna, "Subhanallah, hawa wa sekondari!" Shangazi akasimama, akangoja. Alikuwa anangoja harufu ya kitunguu, nadhani, angalau nionyeshe kwamba sufuria iko motoni. Jiko lilikuwa baridi. Wakaondoka bila kula, na jambo hilo likazungumzwa mitaani kwetu kuliko risasi za milimani, ambazo siku zile tulikuwa tumezizoea kama jogoo.

Nilikataa kufungua lile fundo miezi yote ya kiangazi. Watu waliona ni kiburi, na kiburi kilikuwemo, kwa nini niseme uongo? Lakini kilichoniuma hakikuwa frigo. Kilichoniuma ni kwamba walikuwa wamekaa mahali, pengine wanakunywa chai, wakapanga mimi nitalia kiasi gani na kiasi hicho kinafutwa na nini. Nani aliwaambia kipimo? Nikasema: nikifungua hili fundo, nimesaini. Basi nikaishi nalo. Nilipita kwa ubavu na beseni la nguo, kwa ubavu na sufuria ya maharage, kwa ubavu na mtoto mgongoni. Joto lilikuwa la kuyeyusha mishumaa. Mama Kadogo akawa anapitisha kichwa mlangoni: "Mama Shamimu, mi siingilii mambo ya watu, lakini maji ya baridi ni sunna." Wengine waliniletea samaki wao niwawekee kwenye baridi, wakaondoka nao. Shamimu peke yake ndiye aliyeipenda. Alijifunza kusimama kwa kushika kile kitenge cha maua ya njano, akaanza kutembea akizunguka frigo, mkono mmoja ukutani, anacheka, na mimi nikikaa kitandani nikiangalia, sijui nicheke au nimtoe.

Rajabu alirudi mara moja tu katika miezi hiyo. Alilala kwenye mkeka. Asubuhi akakitazama kitenge, akanitazama. "We mwanamke una kichwa cha jiwe." Nikamwambia: "Na we una moyo wa mkokoteni. Kila mutu anapakia." Alicheka, masikini. Nilikaribia kucheka naye. Akamnyanyua Shamimu, akamnusa shingoni kama kawaida yake, akaenda kazini, Bukavu. Mvua za kwanza zikaanza, na vita vikaingia Uvira.

Watu walivuka kuja kwetu na magodoro vichwani, wakamiminika barabara nzima. Fikiria mji wenye vita vyake unapokea watu wanaokimbia vita vingine. Kila jioni kabla ya saa ya kufungiwa ndani nilikwenda mpaka barabara kubwa kuuliza habari za malori ya Bukavu. Hakuna aliyejua. Hapo nikaonja kitu ambacho sijawahi kukisoma popote: kumkasirikia mutu ambaye pengine ni maiti. Hasira inakosa pa kukaa. Unailisha asubuhi, mchana unaionea haya.

Mgeni alikuja saa za mchana, mvua inanyesha. Niliona kwanza tumbo, kisha mfuko wa nailoni, kisha miguu imejaa matope ya rangi mbili, ya kwao na ya kwetu. Msichana wa rika langu, labda mdogo kidogo. "Hapa njo kwa mama Shamimu?" Lafudhi ya Uvira, ndiyo inakuwa njo. Nikajua. Moyo ulijua kabla ya masikio.

"We ni nani?"

"Mi ni Furaha."

Mungu naye anajua kutania. Mukeba wangu anaitwa Furaha. Alikuwa amekwenda kwanza Mutakura kwa mjomba wake, akakuta nyumba haina mlango, majani yameota sebuleni. Hakuwa na mutu mwingine Bujumbura ila mume, na nyumba ya mume ilikuwa yangu. Mama Kadogo alikuwa ameshatoka, mvua inampiga, hajali. Nikasema: "Ingia. Lakini usikae." Ni maneno ya kijinga, najua, lakini sikuwa na mengine. Akaingia, hakukaa. Akasimama akidondosha maji, na kwa sababu ya uzito wa tumbo akaegemea kitu kilichokuwa karibu, na kitu hicho kilikuwa frigo.

"Hii ni nini, yaya?" Yaya, dada mkubwa. Mimi!

"Hiyo ni wewe," nikamwambia. "Hiyo njo walinipa ili ninyamaze juu yako."

Hakukasirika. Alipapasa kitenge kwa kiganja, polepole, toka juu kuja chini, kama mutu anayetafuta kitu gizani. Akafika karibu na mpini, vidole vikasimama. "Ni nyeupe," alisema. "Na kwa mulango, hapa chini ya mukono wake, kuko mukwaruzo mrefu, unapinda kama jani."

"Umejuaje? Mi mwenyewe sijaiona."

"Ni mahari yangu, yaya."

Nilikaa kitandani. Akanieleza, amesimama bado. Mama yake alikuwa anauza samaki wa kuchoma bandarini Kalundu, na Furaha alitaka auze naye jus ya baridi na barafu. Basi alipoulizwa mahari hakutaka dhahabu, akasema frigo. Rajabu akamleta Bujumbura, kwenye depo moja ya Zone Industrielle, zimesimama kwa mstari. Akachagua mwenyewe. Akachagua ile yenye mkwaruzo kwa makusudi, ili wasije wakambadilishia. Kisha embargo ikaja, na Rajabu akamwambia frigo yake imekwama mpakani, asubiri, inshallah itavuka. Alikuwa anasubiri mpaka siku risasi zilipoingia mtaani kwao.

"Funua," nikamwambia.

"Si ni we unatakiwa..."

"Mi siyo mwenyewe. Funua."

Fundo lilikuwa limekaza kwa unyevu na vumbi la miezi yote ile. Alitumia meno. Kitenge kikaanguka, na mkwaruzo ulikuwa pale pale, unapinda kama jani. Tukautazama wote wawili. Nilifikiri nitapiga kelele. Badala yake nikamuuliza kama amekula. Mutu alikuwa ametufuta machozi wanawake wawili kwa kitambaa kimoja, na mimi nauliza habari za chakula! Nikamwambia: "Kaa basi, unangoja nini?" Nikampa bugali wa muhogo na lengalenga, mchicha wetu, zilizobaki, akala, na Shamimu akaja kushika goti lake kwa sababu kitenge chake cha kushikilia kilikuwa chini.

Kesho yake Shangazi Mwajuma alikuja mbio, amesikia frigo imefunuliwa. Vigelegele alivianzia kwenye kona. Nilimngoja amalize, nikamwambia Furaha ni nani na frigo ni ya nani. Yule mama alikuwa na maneno kwa kila jambo, harusi, matanga, ugomvi wa choo, lakini siku ile aliikoroga tu chai yake mpaka ikapoa. "Nimemletea mutu mahari ya mutu," alisema mwishowe. "Kwa mikono yangu. Na vigelegele juu." Akajifunika uso kwa mtandio. Kisha akatoa kichwa, akamtazama Furaha tumboni: "Na wewe umekula nini leo?" Toka siku hiyo alituletea ndizi.

Tuliunganisha frigo kwenye priza, redio ikakosa mahali pake. Umeme ulikuwa unakuja na kwenda kama mgeni asiye na adabu, lakini ukikaa nusu siku barafu inashika. Furaha alijua kazi. Marakuja, yaani pasheni, anaziponda kwa mwiko, anachuja kwa kitambaa, sukari kidogo kwa sababu hakuna, na tangawizi nyingi ili ulimi usiulize habari za sukari. Tukauza kwa vikombe mlangoni, na barafu kwa wauza samaki wa Ruziba waliopita asubuhi. Kupitia ukutani nikawa nasikia hukumu mpya. "Mukeba kulala chumba kimoja! Watauana kabla ya Ramadhani." "Apana, wewe hujui. Yule wa sekondari ndiye atakufa, huyu wa Kongo ana dawa." Furaha aliposikia hivyo akagonga ukuta kwa mwiko: "Mama Kadogo! Dawa iko ndani ya jus, na umekunywa vikombe viwili!" Mara upande wa pili kicheko kikapasuka, na sisi tukaanguka kitandani tumeshika mbavu, na yeye anashika tumbo: "Yaya, usinichekeshe, mutoto atatoka bila viatu."

Sitaki mtu afikiri tulikuwa malaika. Kuna siku nilimchukia kwa jinsi alivyokunja shuka, kwa sababu alikunja kama Rajabu anavyotaka, na nikajua nani alimfundisha. Kuna siku alilia kwa sababu nilimwita "wewe" siku nzima bila jina. Tulimgombea hata mtu ambaye hatukujua kama yuko hai: yeye anasema anapenda pilipili, mimi nasema hapendi. Lakini usiku wa Ramadhani tukiamka kula daku, yeye hafungi kwa sababu ya mimba, aliamka hata hivyo akanipashia chakula. Alikuwa Mkristo kabla ya ndoa, dini alikuwa anaijifunza, akawa ananiuliza mambo mdomo umejaa. "Mungu anakubali dua ya mutu anayekula?" Nikamwambia anakubali zaidi, maana huyo ana nguvu ya kuomba. Siku mbili kabla ya Idi, alfajiri, uchungu ukamshika. Nilimkanda mgongo kwa maji ya moto mpaka mkunga alipoweza kutembea njiani bila kusimamishwa, na alipofika alikuta kichwa cha mtoto kimeshaniangalia mimi. Mvulana. Tukamwita Idi. Nilimbeba mgongoni kwa kile kitenge cha maua ya njano, kwa sababu ndicho kilichokuwa safi.

Rajabu alirudi baada ya sikukuu ya Idi. Mchana, tunachambua mchele, watoto wako chini. Mlangoni akasimama mtu mwembamba, ndevu zimemjaa, miguuni ana ndara za tairi, nilimjua kwa namna alivyoinamisha kichwa kukwepa bati. Furaha akasimama, mimi nikasimama. Hakuna aliyekwenda. Shamimu ndiye aliyekwenda, akamshika mguu, akalia kwa woga, akaachia. Nilimpa chakula kwanza. Siwezi kumpiga mutu mwenye njaa. Alikula akituangalia kwa zamu, akamtazama Idi, machozi yakamdondokea ndani ya sahani, na nakiri nikamwongezea chakula. Ndipo akasikia ile ngurumo. Akageuka. Akaona frigo inafanya kazi, kitenge hakipo, na uso wake ukapata amani kabisa.

"Alhamdulillah," alisema. "Mama Shamimu. Ulifunua."

"Njo mi nilifunua," alisema Furaha.

Alikuwa na sauti ndogo, Furaha, lakini siku hiyo bati zima lilisikia. "Kintu yangu. Ulisema imekwama kwa mupaka. Iliniona hapa kabla ya weye kuniona."

Rajabu akautazama ule mkwaruzo. Akaugusa kwa kidole. "Nilitaka kila mutu apate," alisema. "Frigo ilikuwa moja. Nilifikiri mpaka ukifunguka nitanunua nyingine, hakuna atakayelia." Na najua alikuwa anasema kweli, ndiyo sababu niliumia. Shangazi Mwajuma alikuwa ameshaitwa na Mama Kadogo, akaingia akihema. "Rajabu! Hata mbuzi wa sadaka hachinjwi mara mbili! Umenitumia mimi, mutu mzima, nipige vigelegele kwa mali ya mutu!" Akamvua kofia akampiga nayo, halafu akamkumbatia, akalia, akampiga tena.

Mimi niliomba talaka. Watu walisema ni wivu juu ya Furaha, na nilichoka kuwaeleza. Nilikuwa tayari kuishi na mwanamke yule maisha yote. Siyo na mwanaume anayetaka nisilie kwa faida yake. Alikataa, akakubali, akakataa, akatoa. Na mbele ya shehe, kwa sababu dini yenyewe inamtaka mume ampe mke anayemwacha kitu cha kumtuliza, akaniuliza kwa upole kabisa: "Unataka nini?" Nilimwambia: "Ya mtoto lete kila mwezi. Yangu bakisha." Shehe akanitazama sana. Furaha, aliyekuwa ameketi nyuma na watoto wawili mapajani, akakohoa ili asicheke.

Kiangazi kilipofika tena, Uvira palikuwa pametulia kidogo, na mama yake Furaha alikuwa amepatikana hai. Furaha akaenda kwao na Rajabu. Nilimuuliza kama kweli anarudi na yule mutu, akaniambia, "Yaya, we una shule, una mudomo. Mi niko na yeye na mama yangu. Nitamunyoosha polepole." Frigo haikuweza kwenda, barabara ile hata godoro lilikuwa linaporwa. Mama Kadogo akasema bila shaka ataniachia, kwa yote niliyomtendea. Furaha akanishika mabega mawili. Alikuwa amejifunza neno moja la dini vizuri kuliko sisi tuliozaliwa nalo.

"Sikupi," alisema. "Unasikia? Sikupi hata kidogo. Ni amana. Uza jus, lisha mutoto, lakini iko yangu, na nitakuya kuichukua."

"Usipokuja nitaitupa mtoni Ntahangwa."

"Nitakuya."

Na frigo hiyo ilinilea mimi na Shamimu vita vyote. Nilibadilisha mpira wa mlango, nikabadilisha waya, mkwaruzo sikuugusa. Kila mwaka watu waliniambia, huyo hatarudi, sasa ni yako, na kila mwaka nilisema siyo yangu. Hawakujua nilikuwa nangoja nini. Kama angetuma salamu kwamba nibaki nayo, pole kwa yote, ningekuwa nimerudi pale pale kitandani, na Shangazi mbele yangu anasema funua.

Basi Ijumaa alikuja. Tulikula samaki wa mukeke wa kukaanga, tukamsema Rajabu, ambaye sasa magoti yanamuuma na, kwa maelezo ya mkewe, amenyooka nusu. Idi alibaki Uvira, ana mitihani. Baada ya swala wanaume wakaitoa frigo nje. Nikakileta kile kitenge cha maua ya njano, kimepauka mpaka maua hayajulikani, Furaha akaifunika mwenyewe, akapiga fundo, akalikaza kwa meno. Mama Kadogo hakuweza kuvumilia. "Lakini we mwanamke una roho ya chuma! Umepata mume, umepata jino la dhahabu, unakuja kumnyang'anya mwenzako kitu cha zamani? Si umwachie, iwe hata kifuta machozi!" Furaha akanitazama. Nilitikisa kichwa kidogo tu. Akapanda mbele, karibu na dereva, akaweka mkono dirishani, na gari likaondoka. Hakuniachia kitu. Hata kijiko.

Chumbani, pale ilipokuwa imesimama, sakafu ina mraba wa saruji safi, umezungukwa na uchafu wa miaka. Shamimu alisimama katikati yake na kikombe chake cha waridi, ndani kuna jus ya mwisho, vuguvugu. "Hajatuachia kitu?"

"Hajatuachia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ananiheshimu."

Akafikiri, akanywa, akanipa nimalizie. Hapo ndipo machozi yalipokuja, mengi, ya miaka yote, na mtoto akanyoosha mkono wake mdogo kunifuta. Nikaushika ule mkono, nikauweka mapajani mwangu.

"Acha, mwanangu. Haya ni yangu."